Msiba Usio na Mtani: Tulivyoitazama Death at a Funeral Tabora

Filamu inaanza kwa jeneza kuingizwa sebuleni. Wafanyakazi wa kampuni ya mazishi wanaliweka mahali pake, kiongozi wao anasimama kwa adabu mikono ikiwa mbele, na mtoto wa marehemu anaombwa asogee amtazame baba yake kabla wageni hawajafika. Anasogea, anatazama, ananyamaza kidogo, kisha anauliza huyu aliyelazwa humu ni nani. Wameleta maiti ya mtu mwingine.

Sebuleni kwetu, Isevya, tulikokuwa tumekaa watu kumi na mmoja, wengine makochini na wengine mkekani, mzee jirani yetu, ambaye alikuwa amekubali kuja kwa sababu tu aliahidiwa kahawa na kashata, aliweka kikombe chini akauliza: "Kwani maiti hii aliiosha nani?" Tulicheka, lakini nililiandika swali lile, maana sijasoma uchambuzi wa filamu hii uliogusa shina lake kwa maneno machache kiasi hicho. Mtu aliyeoshwa na wanawe na ndugu zake hawezi kubadilishwa njiani. Mtu aliyekabidhiwa kwa wageni waliolipwa, akaondoka nyumbani na kurudi ndani ya sanduku lililofungwa, anaweza kurudi akiwa mtu mwingine, na mambo yote yanayofuata kwa muda wa saa moja na nusu yanatokana na umbali huo kati ya wafiwa na maiti yao.

Death at a Funeral, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita Kifo Ndani ya Msiba, ilitolewa mwaka 2007. Ni hadithi ya Kiingereza iliyoandikwa na Dean Craig na kuongozwa na Frank Oz, mtu ambaye sauti yake inajulikana duniani kuliko sura yake, kwa kuwa ndiye aliyemsemea Yoda katika filamu za vita vya nyota na ndiye aliyekuwa nyuma ya yule nguruwe mwanasesere aitwaye Miss Piggy. Mwaka 2010 Wamarekani waliichukua hadithi hiyohiyo, wakampa Neil LaBute aiongoze, wakaihamishia kwenye nyumba ya familia ya Wamarekani weusi na kuijaza majina makubwa: Chris Rock, Martin Lawrence, Tracy Morgan, Danny Glover, Loretta Devine, Regina Hall, Zoe Saldana. Mimi mwenyewe niliijua kwanza hii ya pili, miaka mingi iliyopita, katika banda moja la video upande wa Ng'ambo, kwa kiingilio cha shilingi 500, ikiwa na sauti ya mtafsiri juu ya sauti za waigizaji. Nitairudia baadaye, pamoja na mtafsiri wake. Ninayoipima hapa zaidi ni ile ya kwanza, ambayo niliiweka mbele ya jamaa na majirani Jumamosi moja usiku, ikiwa na maandishi chini na karanga za kukaanga katikati ya mkeka.

Jambo la kwanza ambalo mtazamaji wa kwetu inabidi alizoee ni kwamba filamu hii haina steringi. Tumelelewa na mabanda ya video ambamo watu hukaa wakijua kwamba steringi hafi, na kwamba wengine wote wapo ili wampige au wapigwe naye. Hapa kuna watu zaidi ya kumi wenye uzito karibu sawa, na kila mmoja amekuja msibani na mzigo wake. Yupo Daniel, anayechezwa na Matthew Macfadyen, mtoto aliyebaki nyumbani na wazazi, ambaye amekaa usiku kucha akiandika maneno ya kumuaga baba yake. Yupo ndugu yake Robert, anayechezwa na Rupert Graves, mwandishi mashuhuri wa riwaya anayeishi New York, na ambaye wageni wote wanamtaka yeye ndiye azungumze. Yupo Jane, mke wa Daniel, anayechezwa na Keeley Hawes, ambaye ni mke wa Macfadyen hata nje ya filamu, na anachotaka ni kuhama kwa wakwe tu. Yupo binamu yao Martha na mchumba wake Simon, ambaye baba mkwe mtarajiwa hataki hata kumwona. Yupo mzee Alfie kwenye kiti cha magurudumu, mkali kama pilipili kichaa. Na yupo mgeni mmoja wa kimo kifupi, mtulivu, aliyevaa vizuri, ambaye hakuna anayemfahamu.

Katika filamu za aina hii, kosa la kawaida ni kwamba mwandishi huwagawia watu vichekesho kama mtu anayegawa pipi kwa watoto, kila mmoja chake, na mwishowe hakuna anayeshiba. Craig amekwepa kosa hilo kwa ujanja mmoja ambao nimeufurahia zaidi kila nilipoitazama upya. Amewaunganisha watu wake kwa kichupa. Ni kichupa cha dawa chenye lebo ya Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, lakini ndani yake kuna vidonge vya kumfanya mtu aone mauzauza, ambavyo Troy, kaka yake Martha anayesomea mambo ya dawa, amevitengeneza mwenyewe kwa siri. Martha anampa Simon kidonge kimoja kwa nia njema kabisa, ili asitetemeke mbele ya mkwe. Kuanzia hapo kichupa kinahama mkono hadi mkono, kinasahaulika mezani, kinaokotwa na mtu mwingine mwenye nia njema, na mtazamaji anayekifuatilia kwa macho anajua msiba unakoelekea kabla wafiwa hawajajua. Watu watatu watakunywa vidonge vile. Wawili nitawataja; wa tatu mtamwona wenyewe.

Kuna wanaosema kwamba filamu za namna hii, zinazomfanya mtu acheke jambo ambalo adabu inamtaka alilie, na ambazo wenyewe huko huziita vichekesho vyeusi, ni michezo ya watu wasioheshimu wafu wao. Tabora ni mahali pabaya pa kutolea hoja hiyo. Mtoto wa Kinyamwezi hukua akijua kwamba msibani kuna mtu mmoja mwenye ruhusa ya kucheka, na kwamba ruhusa yake haitoki kwa wafiwa bali kwa mababu. Wakati wengine wameinamisha vichwa, mtani huvaa koti na kofia ya marehemu, akatembea kama alivyotembea marehemu, akakohoa kama alivyokohoa, akawadai hadharani waliokuwa na madeni yake. Kaburi likishachimbwa, huingia akalala humo na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Jeneza likitaka kutoka nyumbani, hukaa mlangoni akalizuia. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Anayekasirika ndiye anayeonekana hakulelewa. Wazee wetu husimulia kwamba utani kati yetu na Wazaramo ulikomaa katika safari za wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani ya Bagamoyo, wakati ambapo mtu aliweza kufia njiani mbali na ukoo wake wote, na wa kumsitiri akawa mwenyeji wa pale alipoangukia. Ndiyo maana mtani haji msibani kuchekesha tu. Huja na jembe, na ndiye anayeshika kazi ambazo mikono ya wafiwa haiziwezi.

Basi nilipoitazama filamu hii kwa mara ya pili, nikiwa nimekwisha kucheka vya kutosha na kubaki na nafasi ya kufikiri, niliona kwamba ni hadithi ya msiba usio na mtani. Katika nyumba ile ya Kiingereza kila mtu amevaa nguo nyeusi, kila mtu ananong'ona, kila mtu anaushikilia uso wake usiporomoke. Na kwa kuwa hakuna aliyepewa ruhusa ya kuvuruga, uvurugaji unaingia wenyewe kwa mlango wa uani, ndani ya kichupa cha dawa. Angalieni anachofanya Simon. Ibada imeanza, Daniel amesimama na karatasi yake mkononi, na Simon, ambaye kidonge kimekwisha kumpanda kichwani, anapiga kelele kwamba jeneza linatikisika, kwamba aliyemo ndani yuko hai. Anainuka, analivamia, analipindua, na maiti inamwagika sakafuni mbele ya mjane. Simon hajui, lakini amefanya kitendo kilekile ambacho kwetu kina mwenyewe na kina malipo yake: amelikamata jeneza na kuusimamisha msiba. Tofauti ni kwamba mtani angepewa kuku au noti akainuka, ilhali Simon anapata aibu, anajifungia bafuni, anavua nguo zote na kuishia juu ya paa la nyumba akiwa uchi wa mnyama.

Anayemcheza Simon ni Alan Tudyk, Mmarekani wa Texas anayezungumza Kiingereza cha London bila kuteleza. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kazi yake ndiyo bora kuliko zote katika filamu hii. Kuigiza mtu aliyelewa ni mtihani ambao waigizaji wengi, wa kwetu na wa kwao, huufeli kwa kuzidisha: wanayumba, wanaburuza maneno, wanatoa macho. Tudyk anafanya kinyume chake. Anamwigiza mtu anayejitahidi kwa nguvu zake zote aonekane hana tatizo lolote, na jitihada hiyo ndiyo inayomfichua. Anautazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mgeni. Anasalimia kwa unyenyekevu uliopita kiasi. Anapoogopa, anaogopa kikweli, na ndiyo sababu tunacheka huku tunamhurumia, jambo ambalo shangazi yangu alilisema vizuri zaidi alipomwita "mtoto wa watu" mara nne mfululizo huku akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga.

Kwa upande mwingine Macfadyen amepewa kazi isiyo na makofi. Yeye ndiye anayebeba nyumba nzima, na mbeba nyumba hachekeshi. Amecheza kwa kujizuia: uso wake unabadilika kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, kama shati lililopigwa pasi ambalo linazidi kukunjamana kadiri siku inavyosonga. Wapo walioniambia kwamba amepooza. Sikubaliani nao. Katika kundi la watu kumi wanaopiga kelele lazima awepo mmoja ambaye kelele zinamgonga, la sivyo hatutajua zina uzito gani.

Suala lililozua mjadala mrefu kuliko yote sebuleni kwetu halikuwa la uchi wala la maiti kumwagika, bali la fedha. Robert amesafiri kwa ndege katika daraja la kwanza kutoka Marekani, lakini anapokumbushwa mchango wake wa mazishi anasema hana kitu, na mzigo wote unabaki kwa Daniel, ambaye fedha alizonazo zilikuwa za kulipia nyumba ya kuhamia na mkewe. Shemeji yangu, ambaye amekuwa mweka hazina wa kamati za mazishi katika mtaa wetu mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka, alishindwa kabisa kuelewa. "Daftari liko wapi?" aliuliza. "Watu wote hawa wamekuja, hakuna hata mmoja aliyeandikwa rambirambi?" Na kweli, ukiitazama kwa jicho hilo, filamu inageuka jambo la kutisha kimyakimya: nyumba imejaa wageni, magari yamejipanga nje, na hakuna aliyekuja na chochote isipokuwa shida zake. Sisi tuna msemo kwamba msiba wa wengi ni harusi. Huu ni msiba wa wengi uliobaki kuwa wa mtu mmoja. Sidhani kwamba Craig alikusudia kuisema jamii yake kwa ukali huo, lakini hadithi nzuri husema hata yasiyokusudiwa.

Mzee wa kahawa alikuwa na lake pia. Yeye ni Mwislamu wa miaka mingi, na kwake jeneza ni chombo cha msikiti kinachombeba mtu hadi kaburini na kurudi kumngoja mwingine. Kila dakika kumi aliuliza: "Huyu marehemu anangojwa nini?" Nilijaribu kumweleza kwamba anangojewa hotuba ya Daniel, na kwamba hotuba hiyo inakatizwa kila inapoanza. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nikimweleza muundo wote wa filamu. Mambo yote yanaharibika kwa sababu maiti inacheleweshwa. Kama angezikwa kabla ya adhuhuri, kichupa kisingepata muda wa kuzunguka, na yule mgeni wa kimo kifupi asingepata nafasi ya kumwita Daniel faragha.

Mgeni huyo anaitwa Peter, na anachezwa na Peter Dinklage, ambaye miaka michache baadaye angekuja kuwa maarufu duniani kote kama Tyrion katika tamthilia ya Game of Thrones. Wapenzi wa tamthilia hiyo watafurahi kumtambua pia Peter Vaughan, aliyecheza humo kama yule mzee kipofu mwenye hekima, ambaye hapa ndiye mzee Alfie. Sasa ambaye hajaitazama filamu na anataka kuikuta ikiwa na siri zake zote aruke aya tatu zinazofuata.

Peter anamwonyesha Daniel picha. Yeye na marehemu walikuwa wapenzi. Hakuachiwa chochote katika wosia, na anataka pauni 15,000, la sivyo mjane atazionyeshwa picha hizo leo hii, hapahapa. Kufa kufaana. Ndugu wawili ambao walikuwa hawapatani kuhusu gharama za jeneza sasa inabidi wapatane kuhusu gharama za siri, na katika kupatana kwao wanamfunga mgeni kamba, wanampa vidonge kutoka kwenye kichupa kilekile wakidhani wanamtuliza, naye anaanguka, anajigonga kichwa kwenye meza, analala kimya. Wanaamini amekufa. Na kwa kuwa ndani ya nyumba kuna jeneza moja tayari, na shimo moja tayari, wanafanya hesabu ambayo mtu yeyote aliyebanwa kiasi kile angeifanya, nao wanamlaza juu ya baba yao.

Naomba nieleweke vizuri ninaposema kwamba jambo hili halikuwashangaza wazee wa Isevya kama nilivyotarajia. Ni kweli kwamba picha zilipotajwa sebule ilinyamaza, na mama mmoja akaenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni. Lakini muda si mrefu mazungumzo yalihamia kwenye jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia: wasifu wa marehemu unasomwa chini ya turubai, ameacha mjane mmoja na watoto wanne, na huko nyuma anasimama kijana ambaye hakuna anayemfahamu, mwenye pua ileile ya marehemu, akisema kwamba watoto ni watano. Siri ni tofauti. Kiti kinachokosekana ni kilekile. Peter ni mfiwa ambaye hakuwekewa kiti. Anaingia kama mtoza deni kwa sababu mlango wa mfiwa umefungwa kwake, na Dinklage, bila kupandisha sauti hata mara moja katika mazungumzo yale ya kwanza, anatuonyesha vyote viwili, tamaa na uchungu, kwa namna ambayo huwezi kuamua umchukie au umpe pole.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa dhidi ya filamu yenyewe. Baada ya kumjenga mtu kwa uangalifu ule, inamgeuza mzigo wa kubebwa. Kuanzia anapofungwa kamba hadi anapofufuka katikati ya hotuba na kuchomoza kutoka jenezani, Peter hana tena neno; ni kimo chake tu kinachochezewa, jinsi anavyoingia mahali ambapo mtu mwingine asingeingia. Kicheko kile nilikicheka, sitajitakasa, lakini kilikuwa cha bei rahisi kikilinganishwa na vingine. Filamu iliyokuwa na huruma kwa mlevi, kwa mzee mkali na kwa ndugu bahili ilipaswa kubakiza kidogo kwa ajili yake.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini inanuka, nami nasema hivyo kwa maana halisi. Kuna tukio la Howard, rafiki wa familia mwenye hofu ya maradhi, anayelazimika kumpeleka mzee Alfie chooni, na mambo yanayompata mkononi na usoni hayahitaji kuelezwa. Watoto wa shangazi waligaragara kwa kicheko. Mimi niliona ni kichekesho kilichotoka filamu nyingine kikapotea njia. Isitoshe, wanawake wa hadithi hii wameachiwa kazi ya kushtuka na kuhimiza: mjane, anayechezwa na Jane Asher, angeweza kuwa mtu wa kuvutia kuliko wote nyumbani mle, maana ndiye aliyeishi na marehemu miaka yote, lakini anapewa dakika zake chache mwishoni tu, tena za kupiga mayowe. Hotuba ya mwisho ya Daniel, ambayo hatimaye anaitoa bila karatasi, ni nzuri, inagusa, na Macfadyen anaitoa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kuogopa. Nina shaka tu na jinsi inavyowanyamazisha watu wote kwa mkupuo mmoja. Misiba ninayoijua haitulii kwa haraka hivyo.

Sasa ile ya Marekani. Ukiiweka kando ya ile ya kwanza utashangaa jinsi zinavyofanana. Matukio mengi yamehamishwa kama yalivyo, pauni 15,000 zimekuwa dola 30,000, na Dinklage mwenyewe amerudi kucheza nafasi ileile, safari hii akiitwa Frank. James Marsden ndiye anayekunywa kidonge na kupanda juu ya paa, na anajitahidi sana, ingawa kwake ulevi unaonekana tangu mbali. Chris Rock na Martin Lawrence wanawacheza ndugu wawili, nao wanagombana kwa raha zaidi kuliko Waingereza, kwa maneno ya haraka, kama ndugu ambao wamegombana tangu utotoni na wanajua pa kugusa. Danny Glover kama mzee wa kiti cha magurudumu anatisha kuliko Vaughan. Lakini kuna kitu kimepotea njiani. Kichekesho cha filamu ya kwanza kinategemea watu waliofundishwa kunyamaza, na kila anayepasuka anapasuka kinyume na malezi yake. Hawa wa pili wanazungumza sana tangu mwanzo, wanafoka tangu mwanzo, kwa hiyo jeneza linapoanguka linaangukia mahali penye kelele tayari. Maji yakimwagika mtoni hayaonekani.

Hata hivyo nilicheka zaidi siku ile ya banda la Ng'ambo kuliko usiku huu wa Isevya, na haki inanidai niseme sababu. Ilikuwa ni mtafsiri. Alimfanya Chris Rock kuwa mtoto wa Kisukuma aliyebaki kuchunga ng'ombe wa baba yake, na Martin Lawrence kuwa ndugu aliyekwenda Dar es Salaam akasahau kurudi. Mchungaji wa ile filamu alipewa lafudhi ya kihaya. Kila mtu mpya alipoingia sebuleni mle, mtafsiri alitangaza amechangia kiasi gani, na wengi alisema wamechangia pole tu. Nadhani bila kujua alikuwa ameuona upungufu uleule ambao shemeji yangu angeuona miaka mingi baadaye, akauziba kwa mdomo wake. Alikuwa mtani wa msiba ule, akiwasema wafiwa wakiwa mbele yetu, wao wasiweze kumjibu. Palipofika habari ya picha, aliikwepa: akasema Frank alikuwa mshirika wa marehemu katika biashara ya asali na kwamba picha zile zilikuwa ushahidi wa magunia na mapipa. Kwa nini ndugu wafadhaike kiasi kile kwa sababu ya asali, hakueleza, na banda zima, ambalo lilikuwa na macho, lilimwacha aendelee kwa heshima.

Kwa anayetaka kuitazama, ushauri wangu ni huu. Chukueni ile ya 2007 yenye maandishi chini, hata kama Kiingereza chenu ni kizuri, maana Waingereza wale wanameza maneno na vichekesho vingi vimo katika kile kinachosemwa kwa sauti ya chini. Msiitazame mkiwa peke yenu. Nimejaribu, na robo ya kicheko chake haikupatikana. Watoto wadogo wawe wamelala, kwa sababu ya matusi na uchi, na pia kwa sababu ya maswali yatakayofuata asubuhi. Aliyefiwa karibuni mwacheni kwanza, isipokuwa akiomba mwenyewe. Na kama mnaweza, mwalikeni mtu mmoja ambaye ni mtani wenu halisi.

Sisi tulikuwa naye, Mzaramo mmoja fundi wa redio ambaye amekaa Tabora miaka mingi kiasi kwamba anaijua misimu ya maembe kuliko sisi wenyewe. Alitazama filamu yote kwa utulivu usio wa kawaida yake, akitafuna karanga. Simon alipolipindua jeneza alitikisa kichwa tu, kama fundi anayetazama kazi ya mwanafunzi. Lakini filamu ilipokwisha, na taa ikawashwa, na wageni wakaanza kutafuta viatu vyao, tulimkuta amelala chali mlangoni, mikono kifuani, macho yamefumbwa, akitangaza kwamba Wanyamwezi wamemuua kwa njaa na kwamba hakuna atakayetoka ndani ya nyumba hii mpaka gharama zake zilipwe. Mzee wa kahawa aliinama akampapasa mifuko kwanza, kuona kama ameacha chochote. Kisha akamwekea noti ya shilingi 1,000 kifuani, akamruka, akatokomea kwenda zake kulala. Shemeji yangu alitaka kujua hiyo iandikwe kwenye daftari gani.